Tafakari ya Juma: Tusiulize Nani Amemuua, Tuulize Amekufa kwa Ugonjwa Gani



Mwezi wa Novemba, kama ilivyo desturi ya Mama Kanisa, tunawaombea marehemu wetu wote. Bahasha za nia zimeanza kuletwa ofisini parokiani, kila moja ikiwa na orodha ya majina ya wapendwa waliotutangulia mbele ya haki. Kabla ya kuyaweka altareni huyasoma majina hayo moja moja, maana si vema kumwombea mtu ambaye hata jina lake hatukulitazama.

Bahasha moja ya mwaka huu ilitusimamisha. Ilikuwa na majina matatu ya watu wa tumbo moja, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka hamsini na mitano. Wawili kati yao tuliwazika sisi wenyewe, kila mmoja katika kibanja chake, chini ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Familia imeturuhusu kuyasema haya kwa faida ya wengine, nasi hatutataja jina, wala kijiji, wala jumuiya.

Wa kwanza alikuwa akipalilia. Alishika kichwa ghafla, akapiga kelele kwamba kinapasuka, akatapika, akaanguka. Ndugu walichanga, wakamfikisha hospitali kubwa nje ya mkoa wetu, akafariki siku ya nne. Dada yake alifuata miaka michache baadaye, alfajiri, akiwa na maumivu yale yale, akafia njiani kabla ya kufika kituo cha afya. Wa tatu aliinuka baada ya chakula cha jioni akilalamikia kichwa, na kabla ya usiku wa manane alikuwa amekwisha kukata roho.

Katika matanga ya huyo wa tatu, maneno yalianza kupita chini chini kutoka jiko hadi jiko. Watu walisema kwamba watoto watatu wa mama mmoja hawawezi kufa kifo kimoja bila mkono wa mtu. Wakalitaja neno lile ambalo Wahaya wote tunalijua, obulogo. Hatimaye kidole kikamwelekea bibi kizee, mke mdogo wa marehemu baba yao, ambaye aliishi peke yake mwisho wa kibanja. Usiku wa arobaini mawe yalirushwa juu ya bati la nyumba yake. Kulipopambazuka alikuwa ameondoka na kitenge kimoja na rozari yake, akaenda kwa binti yake Bukoba mjini.

Majuma machache baadaye, mtoto wa marehemu wa kwanza alikuwa akitafuta karatasi za kibanja katika sanduku la baba yake. Chini kabisa alikuta karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne. Iliandikwa kwa Kiingereza, akampelekea muuguzi wa zahanati, naye ni muumini wetu, amsomee. Ilieleza kwamba baba yake alikufa kwa kupasuka mshipa wa damu ndani ya kichwa, mshipa uliokuwa umevimba kwa muda bila yeye kujua. Chini yake daktari alikuwa ameongeza kwamba ndugu zake wa tumbo moja wapimwe shinikizo la damu, na kwamba yeyote atakayepatwa na maumivu ya ghafla ya namna hiyo afikishwe hospitali bila kuchelewa.

Karatasi hiyo ilikaa sandukuni miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa walikufa wawili, na bibi mmoja akafukuzwa kwake.

Wapendwa, sisi si madaktari. Tumewauliza wenye taaluma, na yale tunayoyaeleza hapa ni mambo ambayo kila familia yaipasa kuyajua. Ugonjwa huo kwa lugha ya kitabibu huitwa anurizimu ya ubongo. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hugawanyika kama matawi ya mti, na mahali pa kugawanyika ukuta wa mshipa huweza kudhoofika. Damu hupiga pale kila pigo la moyo, mpaka ukuta unatoka nje kama kifuko kidogo, kama vile mpira wa baiskeli unavyovimba palipochakaa. Tafiti za ulimwenguni zinaonyesha kwamba watu kama watatu katika kila watu wazima mia moja wanacho kifuko cha namna hiyo. Walio wengi huishi nacho mpaka uzee wakafa kwa sababu nyingine, wasijue kamwe kwamba walikuwa nacho. Hatari huja kinapopasuka. Hapo damu humwagika kuuzunguka ubongo, na kati ya theluthi moja na nusu ya wanaopatwa hufariki, wengine kabla hata ya kufika hospitali. Miongoni mwa wanaopona, wengi hubaki na ulemavu.

Mara nyingi ugonjwa huu humpata mtu mmoja tu katika ukoo. Lakini ziko familia ambamo hujirudia. Wanasayansi wanaeleza kwamba hakuna chembe moja ya urithi inayobeba lawama yote. Udhaifu wa mishipa hurithiwa kwa njia nyingi ndogo ndogo, na tena watu wa nyumba moja hurithishana mazoea, yaani tumbaku, pombe kali na shinikizo la damu lisilotibiwa. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Wenye ugonjwa wa kurithi wa figo zenye vifuko vingi vya maji nao wamo katika hatari kubwa zaidi. Mtu mwenye ndugu wawili au zaidi wa karibu kabisa waliopatwa, yaani mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto, hushauriwa na mabingwa apigwe picha ya mishipa ya kichwa hata kama hajisikii lolote. Katika familia za namna hiyo, mmoja katika kila watu kama kumi wanaopimwa hukutwa na kifuko. Maana yake ni kwamba tisa hukutwa hawana. Haya tunayasema ili asiwepo atakayesoma tafakari hii akalala macho wazi usiku kucha kwa sababu shangazi yake alifariki kwa kichwa.

Wapo wanaodhani kwamba magonjwa ya namna hii ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba mengi yaliyojulikana juu ya jambo hili yalitoka Finland na Japani, ambako kupasuka kwa mishipa hiyo huonekana zaidi. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Profesa Julius Ogeng'o, walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa anurizimu waliotibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ugonjwa huu upo kwetu. Palipokosekana mashine ya kuuona, tuliupa jina jingine.

Nasi watu wa Kagera, kuliko watu wengine wengi, yatupasa tuwe tumejifunza hatari ya kuupa ugonjwa jina lisilo lake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla ya hapo watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa kilichouzwa na wafanyabiashara wa mpakani, na wengi waliamini kwamba walionyauka walikuwa wamerogwa na watu waliodhulumiwa katika biashara ya magendo. Waliokuwa wakimtafuta mchawi hawakujikinga na ugonjwa. Mwezi Machi mwaka 2023 tukaona jambo lililo kinyume chake. Huko Bukoba Vijijini watu wa karibu karibu walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na minong'ono ikaanza. Maabara ikautaja ugonjwa kuwa ni Marburg, wahudumu wa afya wakafuatilia kila aliyegusana na wagonjwa, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Walikufa watu sita, nasi twawaombea. Lakini ugonjwa ulipopata jina lake halisi, kila mtu alijua la kufanya.

Sasa tuitazame Injili. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni la mwenye kosa: je, ni yeye au ni wazazi wake? Bwana anakataa yote mawili. Hamtafuti mkosaji katika ukoo ule. Anainama, anafanya tope, anampaka macho, anamtuma akanawe. Katika Luka sura ya kumi na tatu anafundisha vivyo hivyo juu ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu: hawakuwa wakosefu kuliko wenzao. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya thelathini na nane, anatuagiza tumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyemweka, na katika sura hiyo hiyo anamtaka mgonjwa asali. Sala na dawa zimekaa pamoja katika ukurasa mmoja wa Maandiko. Sisi ndio tunaozitenganisha.

Kanisa nalo halina kigugumizi. Katekisimu, katika namba 2116 na 2117, inakataza kwenda kwa waaguzi na kila namna ya uchawi. Katika namba 2477 inafundisha kwamba anayeamini kosa la jirani yake bila msingi wa kutosha, hata kama ni kimoyomoyo tu, ana hatia ya hukumu ya haraka, na anayemsingizia mwenzake ana hatia ya kashfa. Kwa hiyo yule aliyerusha jiwe juu ya bati alitenda dhambi. Lakini hata yule aliyekaa jikoni akaitikia kwa kichwa, naye alitenda dhambi. Tunayasema haya wazi kwa sababu wapo waliokuwa jikoni siku ile, na Jumapili iliyofuata walikuja kukomunika.

Tukiwa tumewaonya ninyi, ni haki tujionye na sisi. Tulisimama mbele ya majeneza yale. Tulihubiri vizuri, kama tulivyofundishwa seminarini, juu ya ufufuko wa wafu. Tulisema pia, kama tulivyozoea, kwamba Mungu alimpenda zaidi. Maneno hayo hufariji, lakini mara nyingine hufunga mlango. Baada ya padri kusema hivyo, ni nani angethubutu kuuliza hospitali waliandika nini? Tuliposhuka kutoka makaburini tuliwaachia waombolezaji swali lisilojibiwa, na swali lisilojibiwa halikai wazi kwa muda mrefu. Kama ukweli haukulijaza, uvumi utalijaza. Tulipaswa kuuliza mara ya kwanza. Hatukuuliza hata mara ya pili. Kwa hilo tunaiomba familia ile msamaha, nanyi pia.

Basi oni letu ni hili: kuwaambia ndugu zako ugonjwa uliomwua mzazi wenu au ndugu yenu ni tendo la upendo, na kuuficha kwa aibu au kwa uzembe ni kuwanyima haki yao. Tunarithishana vibanja kwa maandishi na mashahidi. Tunawafundisha watoto jina la ukoo na mwiko wake, tena kwa ukali, wasije wakaoana ndugu kwa ndugu. Ukoo unaoweza kukumbuka mnyama wasiyemla tangu enzi za mababu hauwezi kushindwa kukumbuka kwamba babu, shangazi na kaka walikufa kwa kichwa cha ghafla.

Tunajua mtatujibu nini. Mama mmoja wa WAWATA alikwisha kutujibu: "Padre, kujua bila hela ni kuongezewa msalaba." Hatulidharau neno lake. Picha ya mishipa ya kichwa haipatikani kila mahali, na gharama yake si ndogo kwa mtu anayetegemea ndizi na kahawa. Serikali imesambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, lakini upasuaji wenyewe wa mishipa ya ubongo ni kazi ya mabingwa wachache, na njia ya mgonjwa wetu mara nyingi ni ndefu: Bugando kule Mwanza, hospitali ambayo Kanisa na Serikali huiendesha kwa ubia, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ambayo hutibu pia ubongo na mishipa ya fahamu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuondolea kungoja kivuko. Hata hivyo safari bado ni safari.

Lakini tumjibu mama huyo kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kinga haihitaji picha. Kuacha sigara hakuna gharama, tena kunaokoa fedha. Kupima shinikizo la damu hufanyika katika zahanati zetu, na katika hospitali zetu za Rubya, Kagondo na Mugana, na kwa ndugu zetu Walutheri kule Ndolage. Kumeza vidonge kila siku, na si siku ya kuumwa tu, ni kinga. Kujua dalili ni kinga: maumivu makali ya kichwa yanayokuja ghafla, kama kupigwa na radi, ambayo mgonjwa husema hajapata kuyaona maishani, pamoja na kutapika, shingo kukakamaa, kope moja kulegea, au kupoteza fahamu. Mtu wa namna hiyo asilazwe chumbani angoje asubuhi, asipewe aspirini, asipelekwe kwanza kwa mganga wala kwenye mkesha wa maombi. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa mshipa uliovuja mara moja huweza kuvuja tena, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa ishirini na nne za kwanza. Mwiteni padri pia, tutakuja kumpaka Mafuta Matakatifu hata garini. Sakramenti ya Mpako haikuwekwa ili ichukue nafasi ya gari la wagonjwa.

La pili linahusu hiyo hela. Katika Bukoba na Muleba hakuna kijiji kisicho na chama cha kuzikana. Mtu akifa, kabla jua halijatua turubai limefika, sufuria zimefika, mchango umeandikwa daftarini, na asiyetoa hutozwa faini. Ni fahari yetu, na ni alama njema ya upendo wa Kikristo. Lakini tujiulize: familia ile ilizika mara tatu. Ilinunua majeneza matatu, ikalisha waombolezaji mara tatu, ikajenga makaburi matatu ya saruji. Hatuna haja ya kukokotoa ili kuona kwamba fedha hiyo ingewapeleka watoto wote wa mama yule Mwanza na kuwarudisha. Fedha ilikuwapo. Ilikuwa na ruhusa ya kutoka kwa ajili ya maiti tu. Tunawasihi viongozi wa vyama hivi waongeze kifungu kimoja katika katiba zao: kwamba chama kitamsaidia pia mwanachama aliye hai ambaye daktari amemwandikia kipimo kwa sababu ya vifo katika familia yake.

Wengine wataogopa kwamba binti akijulikana ni wa ukoo wa namna hiyo hataolewa. Tunawajibu kwamba ukoo usio na ugonjwa wowote haupo, na kijana anayemkimbia mchumba kwa sababu ya mshipa angemkimbia kwa sababu nyingine. Tena jambo hili halihitaji kutangazwa sokoni. Linatosha kusemwa mezani, kati ya ndugu, na kwa daktari. Wala kukutwa na kifuko si hukumu ya kifo. Vilivyo vidogo mara nyingi huangaliwa tu kwa miaka, na vile vya hatari hufungwa kwa kibanio kwa njia ya upasuaji, au hujazwa kwa nyuzi laini za madini ya platini zinazopitishwa ndani ya mshipa kutoka pajani.

Kwa hiyo, kuanzia juma hili, bahasha za marehemu zitakuwa na karatasi ya pili. Hiyo hamtaileta kwetu. Ni yenu. Mtaandika majina ya wazazi, ndugu na watoto waliotangulia, umri wao walipofariki, na ugonjwa, kama unajulikana. Kama haujulikani, andikeni namna walivyokufa. Kama nyumbani kuna karatasi ya hospitali ambayo hamkuisoma kwa sababu ya lugha au kwa sababu ya uchungu, ileteni kwa wauguzi wetu, watakaokaa katika ukumbi wa parokia baada ya Misa zote za Jumapili ijayo, nao watawasomea faraghani na kuwapima shinikizo la damu. Karatasi hiyo ya pili itunzwe pale zinapotunzwa karatasi za kibanja, na kila mtoto ajue ilipo.

Watoto wa marehemu wale watatu wamekwisha kwenda kupimwa shinikizo la damu. Wawili walikutwa nalo juu, na wameanza dawa. Ukoo unachanga ili ndugu wa tumbo moja waliobaki wapelekwe kupigwa picha. Kwa hayo tunamshukuru Mungu.

Bibi yule hajarudi. Wazee wawili wa ukoo walikwenda mjini pamoja nasi kumwomba radhi. Alitupokea, akatukaribisha kahawa ya kutafuna, akasema amesamehe. Tulipomuuliza atarudi lini, alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama paa limekwisha kuzibwa. Tuliona aibu kumjibu. Bado halijazibwa. Vijana wa UWAKA na VIWAWA wa jumuiya ile, mnalisoma neno hili, nanyi mnajua ni nyumba ipi.

Marehemu wetu wote wapate rehema kwa Mungu, wapumzike kwa amani. Nasi tulio hai, Mungu atujalie ujasiri wa kuambiana ukweli.

Wenu katika Kristo,
Paroko